Kiti cha katoni cha mtoto wa CP (mtindio wa ubongo): maoni yangu baada ya kukitumia kiangazi na masika hapa Mombasa

Nianze na jibu manake najua wengine mtasoma mistari miwili mwende zenu: kiti cha katoni ni kizuri, kinafanya kazi, kama una mtoto wa CP ambaye hawezi kukaa mwenyewe kitafute. Lakini kitengenezwe kwa vipimo vya mtoto wako wewe, si cha kuokota kiko tayari, na uwe umejipanga kukilinda na maji. Nitaeleza kwa urefu kwa sababu mimi nilipokuwa natafuta kila niliyemuuliza aliniambia "ni kizuri" basi, hakuna aliyeniambia kikiloa inakuwaje, mtoto akikojoa inakuwaje, akikua inakuwaje.

Binti yangu ana miaka mitano, ana mtindio wa ubongo wa ile aina ya kukaza, yaani miguu inakaza na kupishana, mgongo nao ni laini haujishikilii, shingo anaishika vizuri asubuhi lakini akichoka kichwa kinaangukia kushoto. Akili iko, anaelewa kila kitu, ukimwambia babako amekuja anageuka mlangoni. Tunaishi Kisauni, vyumba viwili, na kaka yake wa miaka minane na mama mkwe wangu ambaye ndiye hushinda naye nikienda sokoni.

Kabla ya kiti maisha yote yalikuwa mapajani. Kula mapajani, kuchezea mapajani, nikipika yuko kwenye mkeka nyuma yangu anaangalia dari. Mlo mmoja ulikuwa unachukua saa nzima na nusu yake inamwagika, na kwa sababu mtu akichoka mgongo anamlaza kidogo, basi chakula kinapita njia ya hewa anapaliwa, kifua hakiishi. Fizio, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alituambia wazi kwamba mtoto kama huyu kulishwa akiwa amelala au kichwa kimeenda nyuma ni hatari, chakula kinaweza kuingia kwenye mapafu, awe wima na kidevu kishuke kidogo. Sawa, nimekubali, lakini awe wima juu ya nini? Tulijaribu kiti cha plastiki tukamfunga na leso kifuani, anateleza tu mpaka leso inafika shingoni. Hilo wazazi wenzangu msilijaribu.

Halafu kuna kiti cha magurudumu tulichopewa cha msaada, sitataja ni kina nani manake walikuja kwa nia njema. Kilikuwa cha mtu mzima. Mtoto alikuwa anazama ndani, upana ule unaingia watoto wawili, miguu haifiki popote inaning'inia, na kadiri miguu inavyoning'inia ndivyo anavyozidi kukaza na kujisukuma mbele. Tukajaza mito kulia na kushoto, baada ya dakika kumi mito imesogea na yeye amepinda. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa viti vya magurudumu mwaka 2008, fizio ndiye aliyenieleza, unasema kiti kinachofaa ni kile kinachomtosha mtumiaji na kushika mwili wake vizuri, kinachofaa mahali anapoishi, salama na imara, tena kinachoweza kupatikana na kutengenezwa hukohuko nchini kwa bei ambayo watu wanaimudu. Nikapima kile cha msaada kwa maneno hayo nikaona hakuna hata moja lililotimia, na picha tulipigwa.

Kiti cha katoni nilikisikia kutoka kwa fizio huyohuyo. Kuna mama mmoja anatengeneza, naye ana mtoto mkubwa mwenye CP, alifundishwa kwenye mafunzo ya wazazi akaendelea mwenyewe nyumbani. Hii teknolojia ya makaratasi wanaiita APT (Appropriate Paper-based Technology), ilianzia Zimbabwe kwa mwalimu mmoja anaitwa Bevill Packer, ikasambaa nchi nyingi za Afrika kwa sababu malighafi yake ni takataka: maboksi ya dukani, magazeti ya zamani na unga wa ngano. Mimi nilipoambiwa katoni nilifikiria boksi la sabuni limekunjwakunjwa, kumbe sivyo kabisa.

Inavyofanywa ni hivi, nilikaa pale nikaangalia. Anachukua maboksi makubwa, yale ya friji na ya televisheni ndiyo anayapenda, anayakata vipande vya saizi moja. Anapika gundi ya unga wa ngano na maji mpaka iwe nzito, anapaka kipande kizima mpaka pembeni, anabandika kingine juu yake, lakini ile mistari ya ndani ya katoni lazima ipishane, hiki imesimama hiki imelala, ndipo ubao unakuwa mgumu haukunjiki. Anapanga tabaka kadhaa anaweka mawe juu ili zishikane bila kupinda, kisha jua. Sehemu ya kukalia anaifanya nene kuliko mgongo. Ikikauka inakatwa kwa kisu au msumeno kama mbao, wallahi inatoa na vumbi. Viungo vinazungushiwa vipande vya magazeti vilivyochovywa kwenye gundi, tabaka juu ya tabaka, halafu msasa, rangi ya mafuta, mwisho vanishi. Mume wangu ana kilo themanini na kitu, alikikalia cha kwetu kabla hatujalipa na hakikulia hata kidogo.

Sasa vipimo, na hapa ndipo pesa yako inapoenda. Mama yule alimlaza binti yangu chali kwenye mkeka akamkunja nyonga na magoti taratibu mpaka alipolegea, akapima. Kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, akatoa upana wa vidole viwili, kwa sababu kiti kikiwa kirefu kuliko paja mtoto atateleza mbele ili apate pa kukunjia goti. Kutoka goti hadi kisigino. Upana wa nyonga. Kutoka makalio hadi kwapa, na hadi juu ya kichwa kwa sababu shingo yetu ni ya kuchoka. Mwisho urefu wa kiwiko kutoka kwenye kiti, hiyo ndiyo inaamua meza ikae wapi. Fizio alikuwepo, na nashauri wa kwako pia awepo au akuandikie, kwa sababu kuna watoto ambao nyonga imetoka au mgongo umeshaanza kupinda na hao kuwalazimisha kukaa wima moja kwa moja unaweza kuwaumiza.

Kilivyo chenyewe: mgongo mrefu una mbawa mbili pembeni ya kichwa, kalio la kiti, yaani pa kukalia, limeinuka kidogo mbele ili asiteleze, katikati ya magoti kuna kigogo kilichofunikwa sponji kinachotenganisha miguu isipishane, chini kuna ubao wa nyayo, na mbele meza inayochomekwa na kuchomolewa. Mkanda unapita juu ya mapaja ukishuka kwenye mkunjo wa nyonga, si tumboni. Huo mkanda ndio siri yote. Ukimfunga tumboni anajipenyeza chini yake, ukiufunga kwenye mkunjo wa nyonga makalio yanabaki nyuma na mgongo wote unafuata.

Mara ya kwanza alilia. Wengine wanakata tamaa hapo, wanasema mtoto hakipendi kiti. Mtoto amezoea mapaja yenye joto na harufu ya mama, leo unamweka kwenye kitu kigumu amefungwa, lazima alie. Tulianza na dakika chache wakati wa uji tu, kitu anachokipenda, kisha tunamtoa kabla hajachoka. Tukaongeza polepole. Sasa anakaa mlo mzima na baadaye kidogo, lakini hakai siku nzima na hastahili kukaa siku nzima, anatolewa, ananyooshwa, analala kifudifudi, anarudi. Kiti si mahali pa kumwacha mtoto, na ninalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimeona watoto wameachwa kwenye viti toka asubuhi mpaka makalio yamechubuka.

Kichwa chake kilikuwa bado kinakwenda kushoto hata na zile mbawa. Tulirudi na kiti kwa tuktuk, mama yule akakata kipande kidogo cha katoni, akakiongeza upande wa kushoto kwa gundi, akafunika sponji, bila malipo. Niambieni, kiti cha kutoka nje kikikosea sentimita mbili nani atakukatia?

Na sasa niwaambie kilichobadilika, manake hapo ndipo nyota zangu zinatoka. Mikono. Nilikuwa sijui kwamba binti yangu ana mikono. Akiwa mapajani au mkekani nguvu zake zote zinaisha kwenye kupigana asianguke, mikono imekunjwa kifuani ngumi zimefungwa. Mwili uliposhikwa mikono ikashuka mezani. Wiki za mwanzo alikuwa anaipapasa tu ile meza, anaburuza kiganja kwenye vanishi mbele na nyuma, mbele na nyuma, anasikiliza sauti yake. Kisha akaanza kupiga kifuniko cha sufuria. Kisha siku moja kaka yake alikuwa anakula biskuti karibu na meza, akaiweka pembeni, na huyu mtoto akanyoosha mkono wa kulia, ukaenda ukapita, ukarudi, ukaifunika ile biskuti, ikavunjika chini ya kiganja, na vipande vikafika mdomoni. Mama mkwe wangu alipiga vigelegele majirani wakadhani kuna posa.

Sasa anakula na kijiko, si vizuri, lakini kijiko kiko mkononi mwake. Mpini tuliuzungushia mpira wa tyubu ya baiskeli mpaka ukawa mnene anaoweza kuufumbata. Bakuli ni la kina kirefu na chini yake kuna kitambaa kibichi lisikimbie, na meza yetu tuliomba iwekewe ukingo mdogo pembeni ili vitu visianguke. Ombeni huo ukingo. Mama yule hauweki kama hujamwambia, na bila huo ukingo utaokota vitu sakafuni mpaka kiuno kiume.

Jambo jingine ni macho. Mtoto aliyelala anaona dari na nyuso za watu zikiwa zimemwinamia. Akikaa anaona nyumba. Ramadhani iliyopita tulifuturu yeye akiwa amekaa pamoja nasi, kiti ni kifupi cha chini na sisi tunakula mkekani kwa hiyo urefu wetu ukawa mmoja, anafuata sahani inavyopita kwa macho. Binamu zake ambao zamani walikuwa wanamruka wakipita, sasa wanaweka kadi na gari zao kwenye meza yake manake ndiyo meza ya urefu wao. Hakuna aliyewaambia.

Haya, ubaya wake.

Maji. Hiki ni karatasi, hata kipakwe nini ni karatasi, na sisi tunaishi pwani ambako hata chumvi kwenye kopo inalowa. Kiangazi hakikuwa na shida kabisa. Masika ilipoingia, mwezi wa nne na wa tano, nyumba nzima ina unyevu, na nikaona ubao wa nyayo umeanza kuvimba pembeni pale unapogusa sakafu ya simenti. Sehemu ya juu yote ilikuwa salama, ni chini tu. Tulikikausha juani siku iliyotoka jua, tukapiga msasa, tukapaka vanishi upya, na chini tukagonga vipande vya mpira wa tairi viwe miguu ili katoni isiguse sakafu tena. Hapo tatizo likaisha. Mimi naona hiyo miguu ya mpira ilipaswa kuwepo toka siku ya kwanza kwa kiti chochote kinachouzwa Mombasa, na ndiyo sababu sitoi nyota tano. Nimemwambia mama yule, na vya sasa anaviweka.

Mkojo. Hakuna anayelizungumza na ndilo la kila siku. Kalio letu nimelivalisha kitambaa cha plastiki, kile cha kufunikia meza, nimekishona kama foronya kinavuliwa na kufuliwa, juu yake nakunja leso iwe laini na isimtoe jasho. Vanishi peke yake haitoshi, usidanganyike. Ukichelewa kusafisha, mkojo ukaingia kwenye nyufa harufu haitoki na katoni inalainika. Kusafisha ni kitambaa kibichi kilichokamuliwa, si kumwagia maji. Wadudu nao, ile gundi ni chakula, kwa hiyo pale rangi inapobanduka paka haraka kabla mende na mchwa hawajajua.

Uzito. Si chepesi kama watu wanavyofikiria wakisikia katoni. Kuhamisha kutoka sebuleni hadi uani naweza peke yangu, mama mkwe hawezi. Magurudumu hakina na hakifai kuwekewa, ni kiti cha ndani. Safari ya kliniki bado ni mgongoni na leso, au kwa tuktuk. Kwa kutembea nje bado unahitaji kiti cha magurudumu cha saizi ya mtoto, na hilo ni suala la kwenda kwa watu kama APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo, ambao wako Kenya tangu 1958 na sisi wa Mombasa tunawajua sana kwa kituo chao cha Bombolulu, wakupimie mtoto. Usichukue cha mtu mzima kwa sababu ni cha bure.

Kukua. Huyu wangu nadhani tutafika naye mwaka mmoja na nusu hivi, labda miwili, kisha paja litakuwa refu kuliko kiti. Ubao wa nyayo unaweza kushushwa kidogo, mgongo ukaongezwa, ila kalio likiisha limeisha. Lakini kwa bei hii sioni kama ni hasara, na cha zamani anakirithi mtoto mwingine mwenye vipimo vinavyokaribiana, baada ya kurekebishwa, si hivihivi.

Bei: sisi tulilipa shilingi elfu tano na mia tano pamoja na meza, mkanda na sponji. Mabaki ya sponji na maboksi tukapeleka wenyewe, ukinunua kila kitu kwake inapanda kidogo. Kuna seremala aliyetupigia hesabu ya cha mbao ikawa zaidi ya mara mbili, na hakuwa tayari kumpima mtoto, alitaka "nipe tu urefu". Vya kutoka nje niliviuliza dukani nikaondoka bila kuuliza tena. Kwa familia zilizoandikishwa kwenye Inua Jamii, mpango wa serikali wa pesa za msaada, zile elfu mbili za mwezi kwa mwenye ulemavu mkubwa, kiti hiki ni chini ya malipo ya miezi mitatu. Najua hizo pesa zina kazi kumi zinazongoja, diapazi peke yake zinamaliza, lakini mama yule anakubali ulipe nusu halafu kidogokidogo, na mimi nililipa hivyo.

Wanaosema "unamkalisha mtoto kwenye boksi" mtawasikia, sisi tuliwasikia hata ndani ya familia. Mama mkwe ndiye anayewajibu siku hizi, anawaambia njoo ukalie.

Nyota nne.

Ukitaka kuagiza: mpeleke mtoto mwenyewe, usipeleke vipimo kwa simu. Mpeleke ameshiba na amelala vizuri, mtoto mwenye njaa anakaza na vipimo vitakuwa vya uongo. Beba nguo anazovaa kila siku. Waambie mapema kama anapata kifafa, mbawa za kichwa ziwekwe sponji nene zaidi. Uliza kuhusu miguu ya mpira na ukingo wa meza kabla ya kulipa. Siku ya kuchukua usikubali kupewa kiti mlangoni, mtoto akalishwe palepale, umtazame nyonga, magoti na nyayo, na umlishe kitu kidogo akiwa amekaa. Na agizeni kabla ya mwezi wa nne, kwa sababu masika ikishaanza katoni hazikauki, na mama yule kiti kibichi hakitoi kwake hata umbembeleze vipi.